Bi. Mabruka Hakungoja Kuitwa

Ndugu wafiwa, majirani wa Hayl al Ward, jamaa mliopanda mlima huu kutoka Nizwa, Ibra, Sur na Maskati, mabwana mlioko barazani mnaotusikia kwa kipaza sauti, na mabibi mliojaa humu ndani mpaka kwenye ngazi, assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Familia imekata shauri kwamba leo, Jumamosi tarehe 19 Aprili 2025, siku ya tatu ya msiba wetu, isomwe historia ya marehemu kabla ya kuanua matanga, kwani tangu juzi watu wanauliza alizaliwa wapi, alifikaje juu ya Jabal Akhdar, na ilikuwaje mtu wa mbali vile akasema Kiswahili cha Malindi ya Unguja kuwapita baadhi yetu tuliozaliwa Malindi kwenyewe. Anayekusomeeni ni wifi yake Hanifa, dada wa mumewe, ambaye marehemu alimtania tangu siku ya kwanza waliyoonana, na leo amemwachia zamu ya mwisho, zamu ambayo Hanifa hakuitaka. Inasomwa kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya nyumba hii, na mjukuu wa marehemu, Alyaa, anawafasiria majirani zetu kwa Kiarabu kipande kwa kipande, basi wanaofahamu lugha zote mbili watuvumilie.

Marehemu Bi. Mabruka alizaliwa tarehe 12 Februari 1955 katika kijiji cha Sallapata, juu milimani katika mkoa wa Cusco, nchi ya Peru, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Fortunato na mkewe Bi. Justina, na jina alilopewa siku hiyo ni Eulalia, kwa sababu kwao kulikuwa na mazoea ya kufungua kalenda ya watakatifu wa kanisa, jina la siku likawa jina la mtoto, hapana ugomvi wa mashangazi wala mabibi. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kikechua, lugha ya wenyeji wa milima ile tangu kabla Wahispania hawajatia guu huko, na Kihispania alikikuta mlangoni mwa skuli ya kijiji, alikoingia mwaka 1962, kwa mwalimu aliyemsimamisha juani mtoto yeyote aliyesahau akasema lugha ya mamake. Marehemu alisimama juani mara nyingi, na alipokuwa akihadithia alikuwa akicheka, lakini hakuwahi kumtaja mwalimu yule kwa jina.

Maisha ya Sallapata yalikuwa ya kondoo, llama na mbatata, na hao llama, kwa wasiowajua, ni wanyama wa kubeba mizigo wenye shingo ya ngamia na tabia mbaya kuliko ya ngamia. Mbatata zilikuwa za kila rangi, nyeusi, nyekundu, za zambarau, na katika miezi ya baridi kali zilitandazwa nje zikagandishwa na baridi ya usiku, mchana zikakanyagwa kwa miguu mitupu mpaka zikatoka maji, kisha zikaanikwa zikawa kavu kama vijiwe, zikawekwa kwa ajili ya mwaka wa njaa. Bi. Justina alimfundisha bintiye kufuma nguo kwa kitanda cha mfumi alichokifunga kiunoni mwake mwenyewe, akikaza uzi kwa mgongo, na nguo ya kwanza aliyoifuma marehemu akiwa msichana, nyekundu yenye mistari ya buluu, ndiyo ile mliyoiona imefunika mto wa kitanda chake siku hizi tatu.

Lakini la kushika zaidi katika habari za Sallapata, kwa kuwa mengine yote katika historia hii yametokana nalo, ni desturi yao ya kazi. Kule shamba halilimwi kwa ujira, wala jirani hangoji kuitwa, akiona mbatata zako zimeshaiva nawe una mgonjwa ndani basi huchukua jembe lake akaja, na siku yake ikifika huenda wewe, siku kwa siku, mkono kwa mkono, na wenyewe wanaita ayni. Marehemu alikuwa akisema kwamba kwao mtu anaweza kukosa mali, akakosa hata watoto, na bado akawa mtu, ila yule ambaye majirani hawaji shambani kwake bila ya kuitwa, huyo ni mpita njia tu, hata akiwa na nyumba.

Baada ya skuli ya kijiji alipelekwa mjini Cusco kwa mjomba wake, akasoma huko mpaka mwaka 1973 huku akiuza mikate asubuhi, na mwaka 1975 akapata kazi ya ukalimani katika mradi mmoja wa kilimo, akiwafasiria wakulima wa milimani maneno ya wataalamu waliokuja na Kihispania chao. Katika kazi hiyo ndipo mwaka 1981 alipomkuta kijana mmoja mrefu, mwembamba, anayetetemeka kwa baridi, aliyepelekwa na serikali ya Oman kujifunza kilimo cha mbatata milimani, naye ni marehemu kaka yetu Khalaf.

Khalaf alizaliwa Unguja, Malindi, mwaka 1950, akaondoka huko mwaka 1964 pamoja na mama yetu, Bi. Bimdogo, na mdogo wake huyu anayesoma, tukazunguka nchi za watu mpaka tukafika Nizwa mwaka 1972, katika nchi ya babu zetu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Basi alipofika Sallapata kwa mafunzo, asubuhi ile ile akashikishwa jembe la kukanyagia kwa mguu, akalima mpaka viganja vikatoka malengelenge, na jioni wakamlisha mbatata zilizochomwa ndani ya tanuri la madongo ya udongo, wala hakuna aliyemuuliza kama amechoka. Aliandika nyumbani kwamba tangu atoke Unguja hiyo ndiyo siku ya kwanza ambayo hakujiona mgeni. Mama alisomewa barua hiyo, akasema, "Huko kuna mwanamke." Na kweli alikuwepo.

Mzee Fortunato alipoposwa bintiye hakutaka kitu, alitaka mkwe wake alime msimu mzima kwenye mashamba ya ukoo ndipo aone kama anafaa, naye Khalaf akalima, ingawa mzee alisema mistari yake ilipinda. Marehemu alifika Nizwa mwezi wa Machi 1983, akasilimu kwa hiari yake mbele ya mashahidi, na nikahi ikafungwa siku ya Alkhamisi tarehe 7 Aprili 1983, na jina la Mabruka alipewa na mavyaa wake, Bi. Bimdogo, aliyesema kwamba mtu aliyevuka bahari mbili kuja kuwa mkwe wake hawezi kuwa na jina jengine.

Mama yetu Kiarabu chake kilikuwa cha kusalia na cha kununulia samaki, basi bibi harusi na mavyaa wakakaa jikoni wawili, mmoja hana Kiswahili na mwengine hana Kihispania, wakianzia na chumvi na maji, na kabla mwaka haujesha marehemu alikuwa akisema "hebu niondokee hapa" kwa lafudhi ile ile ya mama, na jamaa wa Unguja wakipiga simu walimuuliza yeye ni wa nyumba ipi pale Malindi. Na mapenzi ya watu wale wawili yalikamilika siku alipozaliwa Yaarub, tarehe 2 Machi 1985, kwani siku ya arubaini mama alimkuta mkwewe amemfunga mtoto mgongoni kwa ile nguo nyekundu ya kufuma, akaita mtaa mzima, "Njooni muone, mbeleko! Huyu ni wetu, wallahi, alipotea njia tu akazaliwa kule!" Abeer alizaliwa tarehe 19 Septemba 1988, naye alibebwa kwa nguo hiyo hiyo.

Mwaka 1984 Khalaf alihamishiwa kituo cha kilimo cha Saiq, nasi tukapanda huku Hayl al Ward, kwenye mashamba ya ngazi, yaliyokatwa ubavuni mwa mlima kama vidato, ya babu yetu aliyeyaacha kwenda Unguja, tukakuta kuta zimeanguka, makomamanga yamekauka, na mizizi michache tu ya mawaridi imebakia hai. Watu wa kijiji walitupokea vizuri mno, na hapo ndipo yalipoanzia mashaka ya marehemu. Kila harusi walimkalisha kwenye mto mkubwa, kahawa alianza kupewa yeye, halua alianza kukatiwa yeye, na akinyoosha mkono kumenya kitunguu walimpokonya kisu, "Hasha, wewe mgeni wetu." Kwa mtu mwengine hiyo ni heshima, kwa yeye aliyelelewa Sallapata ilikuwa ni kuambiwa kila siku kwamba hayupo. Tangu hapo alikuwa na haja moja duniani, na aliisema waziwazi mbele ya wote nyumbani, kwamba hataki kufa mgeni.

Sasa jirani wa ukuta kwa ukuta ni Bi. Turkiya, aliyeko hapa mbele yetu, Mungu ampe umri, naye ametupa ruhusa ya kuyasema haya. Mwezi wa Aprili 1986 Bi. Turkiya alikuwa mzazi, yumo ndani hajatimiza arubaini yake, mumewe yuko kazini Maskati, na mawaridi yake yamefunguka, nanyi wa mlima huu mnajua waridi haimngoji mtu, huchumwa alfajiri na umande wake, jua likishapanda harufu imekwenda zake. Marehemu akaangalia juu ya ukuta, akaona mawaridi, akaona mwenyewe yumo ndani, akamfunga Yaarub mgongoni, akaingia, akachuma ngazi zote, akayaweka mlangoni kwenye shuka, akarudi kwake amefurahi kama aliyepata mtoto wa pili. Kwa hesabu za kwao alikwisha kuwa jirani.

Kwa hesabu za hapa alikuwa amemvua Bi. Turkiya nguo hadharani, maana mtu haingii kwenye shamba la mwenzake hajaitwa, na kijiji kizima kingesema mawifi wa Turkiya wamemtupa mpaka mgeni amemwonea huruma. Lakini Bi. Turkiya ni mtoto wa watu, alimeza hasira, akafanya alivyofunzwa, akapeleka sinia, lile kubwa la maua, wali na nyama ya mbuzi, tende, samli na halua. Na marehemu, masikini, alipoliona sinia alilia, kwa sababu kwao mtu aliyekufanyia kazi akilipwa kwa kitu maana yake ni kwamba hutaki kwenda kwake, umemfukuza. Akalifunika sinia kwa kawa lake, akajitwika, akalirudisha kama lilivyokuja, akamwambia mwenyewe kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, "Sitaki chakula, nakutaka wewe." Bi. Turkiya akauliza, "Chakula changu kina uchafu gani?" na mlango ukafungwa.

Mama yetu alipopata habari alishika kichwa, akasema, "Mwanangu, umetutia moto," kisha akamkalisha akamweleza kwamba sinia la jirani halirudishwi na chakula chake, wala halirudi tupu, chakula huliwa, sinia likaoshwa likatiwa kitu kingine likaenda. Marehemu hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili. Wiki ya pili yake alikwenda mwenyewe kuomba radhi, amebeba sinia la katlesi za mbatata, na Bi. Turkiya, ambaye hasira zake ni za moto wa makaratasi, akafungua mlango, na tangu siku hiyo sinia lile la maua limepita kwenye kichochoro chetu mara nyingi kuliko mbuzi wa kijiji, likienda na mkate wa kumimina likirudi na makomamanga, likienda na visheti likirudi na asali.

Haya yote yalikuwa mema, na marehemu alishukuru, lakini haja yake ilibakia pale pale. Kila Aprili akisikia nyumba fulani ina mgonjwa au mzazi, alfajiri alikuwa shambani kwao, watu wakazoea wakasema ndivyo alivyo, na jioni sinia likaja, naye akalipokea kwa adabu, akamwambia wifi yake, "Sinia linakuja, Hanifa, lakini mtu haji." Mama alimwambia mara ngapi, "Basi waite! Mbona watu hawa wakiitwa wanakimbia kuja?" naye akajibu jawabu lile lile mpaka mama akaondoka duniani, tarehe 30 Oktoba 1998, bila ya kumshinda, "Nikiwaita watakuja kwa mgeni, mama. Nataka waje kwa jirani." Alikuwa mkaidi, msimsikilize anayesema leo kwamba marehemu hakuwa na ila, ukaidi wake ulikuwa wa llama, na wifi yake alimwambia hivyo usoni.

Kwa hiyo mawaridi yake aliyachuma mwenyewe na mumewe, na baadaye na watoto wake, na akapanda mbatata kwenye ngazi ya juu kabisa, na Januari ya baridi kali akazitandaza nje zikagandishwa, akazikanyaga kwa miguu mitupu, akacheka akituona tunavyokunja pua. Mama ndiye aliyezitia nazi zile mbatata kavu zikawa chakula, na leo wajukuu wanazililia. Mwaka 1994 aliwapeleka watoto Sallapata, bibi yao Justina akawapa majembe kabla ya kuwapa busu, na Yaarub mpaka leo ana kovu la kidole analolionyesha kwa fahari. Tarehe 6 Disemba 2011 kaka yetu Khalaf alifariki, akazikwa hapa hapa kijijini, na watoto walipomtaka mama yao ateremke Maskati kwenye nyumba zao nzuri zenye viyoyozi, alikataa, akasema hawezi kuhama mahali ambapo bado hajafika.

Tuseme sasa maradhi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 marehemu alianza kukatika pumzi akipanda ngazi, akapimwa, akaambiwa ni moyo, akapewa dawa na nasaha ya kuteremka pwani kwenye hewa nzito, akazinywa dawa na nasaha akaiacha. Jumanne tarehe 8 Aprili mwaka huu hali ilimzidia, akateremshwa hospitali Nizwa, na wanawe wakaacha kazi zao wakaja kukaa naye kwa zamu. Ilikuwa ndiyo kwanza mawaridi yameanza kufunguka.

Kila asubuhi marehemu alifumbua macho akauliza hewa ya mlimani ikoje leo, nasi tulijua anachouliza, kwamba mawaridi yake yanafunguka na kunyauka bila ya mkono. Yaarub hakuweza kuvumilia, akasema, "Mama, niruhusu nimpigie Khala Turkiya, neno moja tu, watakuja wote." Marehemu alikuwa amelala, akainuka juu ya mto kwa nguvu ambazo daktari alisema hana, akasema, "Usimwite mtu. Ukimwita mmoja tu umeniharibia maisha yangu yote." Wifi yake alimkasirikia, akamwambia mawaridi yote yatakwenda bure kwa ajili ya kiburi, naye akamtazama akasema taratibu, "Si kiburi, Hanifa. Mimi nataka kujua tu." Tuliogopa sana siku hizo, na hatukuogopa kifo tu, kwani cha Mungu hakina ujanja, tuliogopa asije akakijua alichotaka kukijua, na kikawa sicho.

Siku ya Jumapili, tarehe 13 Aprili, Alyaa alipanda huku na gari alfajiri kuja kumchukulia bibi yake ile nguo nyekundu, kwa sababu alikuwa akihisi baridi. Alipofika kwenye kona ya msikiti alidhani kuna msiba, kwa wingi wa viatu na ndoo mlangoni petu, kisha akasikia watu wanacheka, akatazama juu, akaona ngazi zote za bibi yake zimejaa wanawake wa kijiji, vikapu viunoni, na kwenye ngazi ya chini kabisa, kwa kuwa magoti hayamruhusu kupanda, Bi. Turkiya ameketi juu ya kigoda, anachuma mashina yanayomfikia mkono na kuwaamrisha wengine. Alyaa aliuliza nani amewaita. Bi. Turkiya akamjibu kwa ukali, "Aniite nani? Yeye aliitwa na nani?"

Siku mbili hizi ametueleza mwenyewe yaliyompitia. Anasema kwamba miaka yote hiyo alitamani kuja, yeye na wenzake, na kila mwaka walisema labda mwaka huu atatuita, kwani waliona kuingia shambani kwake bila ya kuitwa ni kumdharau, mke wa mtu wa serikali, mtu aliyetoka ng'ambo, ataona wanamwambia hajiwezi. Wao wakingojea kuitwa kwa adabu zao, naye akingojea waje bila ya kuitwa kwa adabu zake, na katikati yao ukuta ambao hata mbuzi anauruka. Anasema alipoona mawaridi yamefunguka na mlango umefungwa, na asubuhi ya pili hivyo hivyo, na ya tatu, alikumbuka shuka ile iliyowekwa mlangoni kwake alipokuwa mzazi, akamwambia binti yake, "Nilimlisha nyama, kumbe alikuwa akinitaka mimi," akachukua mkongojo wake akatoka, na wanawake waliomwona anatoka wakamfuata, wala hakumwita hata mmoja.

Alyaa akampigia simu mama yake, Abeer, simu ya picha, simu ikawekwa mbele ya uso wa bibi yake, na marehemu akaona ngazi zake kutoka juu mpaka chini, akaona nani yuko wapi, akawa anawataja mmoja mmoja kwa majina. Bi. Turkiya, ambaye simu hazipendi, aliisogelea akapaza sauti utadhani anaita ng'ambo ya bonde, "Ya Mabruka! Usijetuletea sinia, unasikia? Hatutaki sinia!" Marehemu akacheka mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini, akacheka na machozi yakimtoka, akamshika wifi yake mkono, akasema, "Umesikia? Hawataki sinia." Halafu akasema maneno kwa Kikechua ambayo hakuna aliyekuwepo aliyeyafahamu, akavuta shuka ya hospitali mpaka kidevuni, akalala usingizi mzuri. Sisi tulilia sote, na yalikuwa machozi ya furaha, tunaweza kusema hivyo leo bila ya haya.

Aliishi siku chache tena, hana maumivu makubwa, anasali kwa ishara, anauliza wamefika ngazi ya ngapi, na Alkhamisi tarehe 17 Aprili 2025, sawa na mwezi kumi na nane Mfungo Mosi, saa tatu za asubuhi, roho yake ikarejea kwa Mwenyewe, akiwa na umri wa miaka sabini, wanawe wote wawili wakiwa wamemshika, na ile nguo yake nyekundu iko miguuni pake. Tulipompandisha mlimani mchana ule tulikuta vijana wa kijiji wamekwishachimba kaburi ubavuni mwa Khalaf, na masufuria yako juu ya moto, na Yaarub aliyekuwa ameshika simu njia nzima akitafuta pa kuanzia kuwaita watu, akaitia mfukoni. Alizikwa baada ya sala ya Alasiri. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, wifi mmoja, na ndugu zake wa Sallapata, ambao jana wametuletea habari kwamba siku ile ile waliyoambiwa, walikwenda kuvuna shamba la ukoo wake kwa jina lake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Nizwa waliomstahimilia ukaidi wake, na dereva wa gari la wagonjwa aliyeshuka mlima ule kwa upole kama aliyebeba mayai. Inawashukuru waliokuwa wafanyakazi wenzake marehemu Khalaf kituo cha Saiq, jamaa wa Ibra na Sur, na wote waliotuma salamu kutoka Unguja na Pemba. Na majirani wa Hayl al Ward hatujui tuwashukuru kwa neno gani, ila mjue kwamba marashi mawaridi mliyorashiwa mlangoni leo ndiyo hayo, mawaridi yake yeye, mliyoyachuma nyinyi, mkayapika kwenye majiko yenu wakati sisi tuko hospitali, na mrashi uliotumika ni wa mama yetu Bi. Bimdogo. Kwa yeyote aliyekosewa na marehemu tunamwombea radhi, na mwenye haki kwake awaone wanawe.

Limebakia jambo moja. Tumeona kwamba tangu Alkhamisi Bi. Turkiya na wanawe wamo humu ndani wanatupikia na kutupakulia, na mawaridi yao wenyewe upande wa pili wa ukuta yamefunguka hayana mtu. Basi kesho alfajiri watu wa nyumba hii, Yaarub na mkewe, Abeer, wajukuu wote, na wifi mtu na magoti yake haya, watakuwa kwenye ngazi zile kabla ya jua. Alyaa mwanangu, hapo usifasiri. Nanyi mnaofahamu Kiswahili, midomo yenu.

Tunakuombea kwa Mola akupokee kwa rehema, akupe nuru katika kaburi lako, akukutanishe na Khalaf na wazee wako. Eulalia wa Sallapata, Mabruka wetu, umefanya kazi yako, sasa ni zamu yetu, wewe pumzika. Umelala kwenu, wifi yangu.